Kiselema Kilicholima: Datsun Z na Hadhi ya Kilichodharauliwa

Wahenga walisema: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Kiselema ni jembe lililolika kwa kazi. Makali yamerudi nyuma, bapa limepungua, na mwenye duka hana tena haja nalo. Mkulima aliyelima nalo misimu mingi, hata hivyo, anaujua uzito wake, anajua linavyoingia ardhini na linavyotoka, na mkono wake umelizoea. Methali hii haidai kwamba kila kikuukuu ni bora kuliko kipya. Inadai kwamba jicho la mpita njia na mkono wa mwenye kulima havitoi hukumu moja, na kwamba aghalabu ulimwengu husikiliza jicho kabla ya mkono.

Historia ya magari inayo mifano mingi ya hukumu hizo mbili. Mmoja ulio bora zaidi ni ule wa gari dogo la spoti, la watu wawili, lililotoka Japani mwaka 1969 na kuuzwa duniani kwa jina la Datsun 240Z. Gari hili lilidharauliwa kabla halijazaliwa kwa sababu ya nchi lilikotoka. Likasifiwa kwa miaka michache, likadharauliwa tena lilipozeeka, na hatimaye likapandishwa bei hadi wenye kulipenda zamani wakashindwa kulinunua. Sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa katika vumbi na tope la Afrika Mashariki, na kwa hiyo haifai kuachiwa wageni peke yao kuisimulia.

JINA

Watu wa lugha watavutiwa kwanza na jina. Mwaka 1914 liliundwa mjini Tokyo gari lililoitwa DAT, kutokana na herufi za mwanzo za majina ya wafadhili watatu: Den, Aoyama na Takeuchi. Mwaka 1931 lilipotoka gari dogo zaidi la ukoo ule, liliitwa Datson, kwa maana ya mwana wa DAT, neno la mwisho likiwa limeazimwa kutoka Kiingereza. Waliolipa jina hilo hawakuwa wamelisikiliza vyema kwa sikio la kwao, kwani kwa Kijapani silabi ile ya mwisho hutamkwa sawa na neno lenye maana ya hasara. Mwaka uliofuata herufi moja ikabadilishwa, likawa Datsun, na silabi iliyotaja hasara ikawa inalitaja jua la Kiingereza.

Gari la mwaka 1969 nalo halikuepuka mashaka ya jina. Nchini Japani liliitwa Fairlady Z. Inasimuliwa kwamba Katsuji Kawamata, rais wa kampuni ya Nissan, aliwahi kuutazama mchezo wa kuimbwa wa My Fair Lady huko Marekani, ukamvutia hata akalipa jina hilo gari la spoti la kampuni yake mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu aliyekuwa na dhima ya kuliuza gari jipya Marekani, Yutaka Katayama, aliona kwamba jina la bibi mrembo halitauza gari la kasi kwa vijana wa California. Magari ya kwanza yalipofika, akaamuru maandishi ya Fairlady yabanduliwe na badala yake yawekwe maandishi mengine: 240Z. Tarakimu zilitaja ukubwa wa injini, lita 2.4. Kuhusu herufi Z, husimuliwa habari ya bendera ya mabaharia inayosimamia herufi hiyo, ile iliyopandishwa na Amirali Togo katika vita vya Tsushima mwaka 1905, na ambayo kwa Wajapani ikawa alama ya kujitolea kwa nguvu zote. Msomaji wa pwani, ambaye bendera za vyombo si ngeni kwake, hatashangaa kuona herufi moja ikibeba maneno mengi kiasi hicho.

KUZALIWA

Kuelewa dharau iliyolingoja gari hili, yafaa kukumbuka hali ya magari ya Kijapani wakati ule. Katayama, aliyezaliwa mwaka 1909 na kujiunga na Nissan mwaka 1935, alikuwa kiongozi wa timu iliyopeleka magari ya Datsun katika mashindano ya kuizunguka Australia mwaka 1958 na kushinda katika daraja lake. Mwaka 1960 alipelekwa Marekani. Magari aliyokuta akitakiwa kuyauza yalikuwa madogo, yenye nguvu haba, yaliyohangaika katika barabara kuu za nchi ile. Ikawa mazoea kwa Mmarekani kuliona gari la Kijapani kuwa kitu cha mtu asiyeweza kununua gari.

Raha ya kuendesha, kwa fikra za zama zile, ilikuwa mali ya Ulaya. Mwenye fedha kidogo alinunua MG au Triumph ya Kiingereza, na mwenye fedha nyingi alinunua Jaguar E-Type au Porsche 911. Katayama aliamini kwamba kati ya makundi hayo mawili pana nafasi: gari lenye umbo la matajiri na bei ya watu wa kawaida, ambalo juu ya hayo lingewaka kila asubuhi bila ya kubembelezwa. Huko Japani, kikundi kidogo cha wachoraji chini ya Yoshihiko Matsuo kilikuwa kikihangaikia wazo lililofanana na hilo. Umbo walilolifikia ndilo lile linalotambulikana hadi leo: boneti ndefu, taa zilizozama ndani ya mabawa, paa linaloteremka kwa mteremko mmoja hadi nyuma, na mlango wa nyuma unaofunguka wote kwa juu.

Hata hapo dharau ilipenya. Kwa miaka mingi ilivumishwa kwamba umbo hilo lilichorwa na Albrecht Goertz, Mjerumani aliyepata sifa kwa gari la BMW 507, kwa kuwa aliwahi kuwa mshauri wa Nissan mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi waliona wepesi kuamini kwamba uzuri wa namna ile haukuweza kutoka katika mikono ya Wajapani. Matsuo, aliyefariki mwaka 2020, aliishi muda wa kutosha kuona jina lake likirudishiwa haki yake, lakini uvumi ule haujafa kabisa.

Chini ya boneti kulikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati huo. Injini hiyo haikubuniwa kwa ajili ya fahari. Kipenyo cha silinda zake na urefu wa mwendo wa pistoni ni vilevile vya injini ya silinda nne ya Datsun 1600, gari la kawaida la familia. Ukichukua injini ya 1600 ukaiongezea silinda mbili zilizo sawa na zile nne, umeipata ya 240Z. Wahandisi walichukua kitu kilichokwishathibitika, wakakirefusha. Magurudumu yote manne yalining'inizwa kila moja kwa nafasi yake, mbele na nyuma, ilhali MG ya wakati huo ilikuwa bado na ekseli moja nzito nyuma kama ya gari la mizigo. Gari zima lilikuwa na uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1,000, na liliweza kufikia mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa.

Lilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa dola 3,526. Porsche 911 iliyo rahisi kuliko zote ilikaribia maradufu ya bei hiyo. Kwa muda mfupi jicho na mkono vikaafikiana: wanunuzi wakaandikisha majina na kungoja kwa miezi, na magari yaliyokwishatumika yakauzwa kwa bei iliyozidi ya mapya. Katika mashindano ya ndani ya Marekani, John Morton wa timu ya Brock akatwaa ubingwa wa daraja lake kwa gari hili mwaka 1970 na tena mwaka 1971.

TOPE NA VUMBI

Lakini barabara za lami za Marekani si mizani ya kutosha kwa gari. Mizani iliyoaminiwa na viwanda vya dunia wakati ule ilikuwa Afrika Mashariki. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953, kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika yanapobisha hodi. Dereva aliondoka penye vumbi linaloziba pumzi, akafika penye tope linaloishika ekseli, kisha penye mto uliofurika uliokuwa haupo asubuhi yake. Njia ilizidi kilomita 5,000, nayo haikufungwa kwa ajili ya washindani: malori, mabasi, ng'ombe na wanyama wa porini waliendelea kuitumia. Kwa miaka mingi hakuna mgeni kutoka ng'ambo aliyeweza kushinda, hata ikasemwa kwamba Safari hushindwa na mwenyeji tu.

Nissan walianza kuleta magari yao mapema katika miaka ya 1960, wakafunzwa na kushindwa. Huko kwao jambo hili lilitukuzwa kiasi kwamba mwaka 1969 ilitoka sinema ya Kijapani yenye kisa cha Safari, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na msomaji ramani wake Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600. Mwaka uliofuata watu wawili haohao wakapewa 240Z, jekundu lenye boneti nyeusi, wakashinda tena. Aliyefuata nyuma yao, katika gari la aina hiyohiyo, alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Shekhar Mehta. Injini ya silinda nne ilikuwa imeshinda mwaka mmoja, na ndugu yake wa silinda sita akashinda mwaka wa pili. Gari lililosemwa kuwa ni mwigo wa bei rahisi likawa limepita mahali ambapo magari ya fahari yalivunjika.

Mwaka 1972 ushindi ulikwenda kwa Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort yake, mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kulivunja lile neno. Lakini mwaka huo una kumbukumbu nzito zaidi ya mashindano. Mwezi wa Agosti, Idi Amin aliwatangazia Waasia wa Uganda kwamba wana siku tisini za kuondoka. Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 katika familia ya wenye mashamba, akapoteza nchi yake kama walivyoipoteza maelfu ya wengine. Akahamia Kenya.

Safari ya mwaka 1973 ilikuwa sehemu ya Ubingwa wa Dunia wa magari ya mbio za barabarani, ulioanzishwa mwaka huohuo. Mehta na mwenzake Lofty Drews waliendesha 240Z. Walipofika mwisho, hesabu ya alama za adhabu ikaonyesha jambo la nadra: walikuwa sare na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa katika Datsun 1800. Kanuni ikaamua kwamba ushindi apewe yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza alama yake ya kwanza. Huyo alikuwa Mehta. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa gari la Kijapani katika ubingwa huo wa dunia, na uliletwa na mtu aliyefukuzwa kwao miezi michache kabla, akiwa katika gari lililotoka kwa watu waliokuwa bado wakiambiwa kwamba hawajui kuunda magari. Mehta alishinda Safari mara nne nyingine mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na magari mengine ya Datsun. Alifariki London mwaka 2006.

Mwaka 1974 jina la Afrika Mashariki liliondolewa, yakabaki kuitwa Safari tu, na njia ikabaki ndani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki ikavunjika. 240Z ndilo gari la mwisho kushinda mashindano yale yakiwa bado yanabeba jina la eneo zima. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, nchini Japani.

KUTU

Gari halizeeki siku moja. Mwaka 1974 ikaja 260Z, yenye injini iliyoongezwa ukubwa lakini, kwa soko la Marekani, imekabwa koo na vifaa vya kupunguza moshi. Kabureta zake zikawa sumu kwa wenye kuyamiliki, na wengi wakazing'oa na kurudisha zile za zamani. Bampa zikawa nzito kwa amri ya sheria. Kisha ikaja 280Z, na mwaka 1978 likatoka gari jipya lililopenda starehe kuliko wepesi. Ukoo wa kwanza ukawa umefungwa, baada ya kuundwa zaidi ya magari 500,000 ya aina zake zote.

Kuwa mengi ndiko kulikoyaponza. Kitu kilicho kingi hakihurumiwi. Katika miaka ya 1980 na 1990, Z kuukuu lilikuwa gari la mwanafunzi. Lilinunuliwa kwa fedha kidogo, likaendeshwa bila huruma, likatolewa injini yake na kutiwa injini kubwa ya Kimarekani, au likaachwa uwanjani lilipoanza kudai matengenezo. Na lilidai. Bati lake lilikuwa jembamba na kinga yake hafifu. Maji yalijikusanya chini ya sanduku la betri, ndani ya sakafu, nyuma ya milango, na katika mihimili ya chini inayobeba uzito wote. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ikakamilisha kazi. Mkaazi wa kisiwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwa kuwa anajua jinsi upepo wa bahari unavyokula misumari na mabati kimyakimya, rangi ya juu ikiwa bado inang'aa.

Kulikuwa na aina moja iliyodharauliwa hata na wenye kuzipenda Z. Hiyo ni ile yenye viti vinne, iliyoanza pamoja na 260Z. Ili kupata nafasi ya viti vya nyuma, umbali baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma uliongezwa sentimita 30, na mteremko wa paa ukalazimika kupandishwa. Wapenzi wa umbo la awali wakasema uzuri umeharibiwa, na maelfu ya magari hayo yakakatwa ili vipuri vyake viwahudumie ndugu zake wa viti viwili. Hata hivyo injini ni ileile, gia ni zilezile, sauti ni ileile, na baba mwenye watoto wawili hakulazimika kuliuza gari lake. Ukitafuta kiselema cha kweli katika ukoo huu leo, ndicho hicho.

MKONO WA MWENYE KULIMA

Ni raha gani basi iliyowashika watu wachache, wakati wote huo wa dharau, wasiliache gari hili? Jibu halimo katika kasi. Gari la kawaida la familia linalouzwa sasa linaweza kuliacha nyuma 240Z bila ya dereva wake kukaza kiuno. Jibu limo katika kile anachokipokea mkono.

Dereva hukaa chini sana, karibu na magurudumu ya nyuma, na mbele yake boneti ndefu inanyooka kama omo ya jahazi. Usukani ni mkubwa na mwembamba. Hauna msaada wa mashine, kwa hiyo gari linapokwenda taratibu ni mzito, na mwendo ukiongezeka huwa mwepesi na wenye habari: kila kijiwe, kila mteremko wa barabara, kila badiliko la mshiko wa tairi hupanda hadi viganjani. Asubuhi ya baridi injini haiwaki kwa kubonyeza kitu na kusahau. Kuna kitasa cha kuivutia mafuta mengi kidogo, kisha kukirudisha polepole kadiri inavyopata joto, na kila gari lina tabia yake ambayo mwenyewe hujifunza. Ikishapata joto, pumzi inayovutwa na kabureta mbili husikika waziwazi, na silinda sita zikishikana huvuma kwa sauti moja iliyo laini, isiyo na mtetemo wa injini za nne.

Kasoro zipo, na mpenzi wa kweli hazifichi. Mwendo ukiwa mkali sana, upepo huinyanyua pua ya gari na usukani ukawa mwepesi kupita kiasi. Mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa, moshi wa ekzosi huingia ndani na nguo zikanuka petroli. Kiti kina joto, na breki zinamtaka dereva afikiri mapema. Lakini kasoro hizi zote ni za kitu kinachozungumza na mtu. Magari ya sasa yameundwa yamlinde dereva asisikie, jambo lenye manufaa yake, kwani limeokoa roho nyingi. Lile la zamani humtaka awepo kwa akili yake yote, na akiwepo humlipa.

Kumiliki nako ni kazi ya namna hiyo. Wapwani wanakijua chombo cha mbao: nahodha hupandisha chombo chake pwani, akakichunguza ubao kwa ubao, akapiga kalafati penye ufa, akakipaka sifa na shahamu, ndipo akakirudisha majini. Hafanyi hivyo kwa sababu chombo kimeharibika. Anafanya hivyo ili kisiharibike, na katika kufanya hivyo anakijua zaidi ya alivyokijua mwaka uliopita. Mwenye Z kuukuu anaishi kwa kalenda hiyohiyo. Hurekebisha nafasi za valvu kwa spana na kipimo chembamba cha chuma, hulinganisha pumzi za kabureta mbili hadi zivute sawasawa, hubandua mazulia akatazama sakafu kama kutu imerudi. Hakuna kompyuta inayohitajika. Fundi aliyewahi kufungua injini ya Datsun 1600 au 180B, magari yaliyojaa Afrika Mashariki wakati wake, ataitambua hii mara tu boneti itakapofunguliwa, kwa kuwa ni damu moja.

Hapa ndipo dharau ya ulimwengu ilipokuwa, kwa namna fulani, rehema. Kwa kuwa gari halikuwa na bei, hakuna aliyelinunua ili aliuze. Lilibaki kwa aliyelipenda. Mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuwa nalo, akakosea katika kulitengeneza, akajifunza, akalitembeza mvuani, akalikwaruza, asione kwamba amepoteza urithi wa wanawe.

BEI NA THAMANI

Zama hizo zimepita. Dalili ya kwanza ilionekana katika miaka ya mwisho ya 1990, Nissan wenyewe waliponunua idadi ndogo ya 240Z za zamani huko Marekani, wakazifanyia matengenezo kamili, wakaziuza upya kwa takriban dola 25,000 kila moja. Katayama aliingizwa katika jumba la heshima la magari la Marekani mwaka 1998, na akaishi hadi mwaka 2015, alipofariki akiwa na umri wa miaka 105. Mwezi wa Januari 2020, gari moja la mwaka 1971, ambalo lilikuwa limetembea kidogo sana, liliuzwa kwa mnada kwa dola 310,000.

Yapo ya kufurahia katika habari hiyo. Magari ambayo yangekatwa sasa yanaokolewa. Vipuri vilivyokuwa vimekoma vinaundwa upya. Jina la Matsuo linatajwa. Haki iliyocheleweshwa ni bora kuliko haki iliyonyimwa.

Lakini imo hasara ndani yake, na wenye kulipenda gari hili wanaitambua hata wanapofaidika nayo. Gari la mnada lilipata bei ile hasa kwa sababu halikutumika. Kila kilomita litakayotembea itapunguza fedha za mwenyewe, na kwa hiyo halitatembea. Litafunikwa shuka, litawekewa hewa isiyo na unyevu, na litazungumzwa kwa tarakimu. Yale yaliyolipa jina lake, uzito wa usukani, pumzi ya kabureta, tope la Pasaka, hayatamfikia tena mtu yeyote kupitia gari lile. Jicho lililolidharau sasa linaliabudu, na matokeo kwa upande wa mkono ni yaleyale, kwani mara zote mbili umezuiwa kulima.

Washairi wanaijua hali hii katika kazi yao. Shairi ambalo halikusomwa kwa sababu ya dharau na shairi ambalo halisomwi kwa kuwa limefungiwa katika sanduku la kioo yako katika kimya kimoja. Utungo huishi unapoimbwa, hata na sauti yenye kasoro, hata kwa kukosea neno na kusahihishwa.

Kwa bahati njema kimya hakijatanda pote. Tangu mwaka 2003 hufanyika Afrika Mashariki mashindano ya magari ya zamani yanayofuata kumbukumbu ya Safari ile ya mwanzo, na miongoni mwa magari yanayoshiriki zimekuwemo 240Z. Hupita katika vumbi lilelile, hupasuka vioo, huvunjika springi, hutengenezwa usiku kando ya barabara na kuondoka alfajiri. Na katika nchi nyingi wapo bado watu wasio na dola laki tatu, wenye lile la viti vinne ambalo wengi hawakulitaka, ambao Jumapili asubuhi huvuta kile kitasa, wakangoja injini ipate joto, wakaondoka bila ya kuwa na mahali maalumu pa kwenda. Methali haikumshauri mkulima akitundike kiselema ukutani baada ya kukifahamu. Ilimwambia tu asikidharau, kwa kuwa msimu bado haujesha na shamba lingalipo.